Dawa ya Damu Iwe Mezani Kabla ya Kisu



Katika ukurasa huu wa Usalama na Afya umezoea kusoma juu ya kofia ngumu, vumbi, taa, baruti na mbao za kushikilia mwamba. Leo tutakupeleka katika chumba ambacho wewe mwenyewe huingii, lakini mke wako, dada yako au binti yako anaweza kuingizwa humo usiku wowote: chumba cha kupasulia akina mama wasioweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Usifunge gazeti ukisema hayo ni mambo ya wanawake. Mama akipotea katika uzazi, jamaa nzima inayumba, na baba anashuka shimoni na macho yasiyoona. Kila kapita anajua kwamba mtu wa namna hiyo ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake.

Tutasema juu ya Butembo na Beni, huko Kivu ya Kaskazini. Watu wa huko si wageni katika kazi ya migodi. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs iliweka watu wake kwenye vilima vile, soko likafuata, kisha mji wa Butembo ukakua. Mambo yanayowapata akina mama wa huko yanawapata pia wa kwetu.

Neno letu ni moja, na tunalisema mwanzoni ili usilitafute: dawa za kusimamisha damu ziwe zimekwisha kuwekwa mezani, nzima na za kutosha, kabla daktari hajashika kisu. Sasa sikiliza sababu.

DAMU INATOKA WAPI?

Mama aliyefikisha miezi tisa ana damu nyingi kuliko siku za kawaida, karibu lita 5 mpaka 6. Kila dakika zaidi ya nusu lita inapita katika mfuko wa uzazi kwenda kumlisha mtoto. Inapita katika mishipa iliyofunguka mahali ambapo kondo la nyuma limeshika. Mtoto akitoka na kondo likabanduka, mishipa hiyo inabaki wazi kama mabomba yaliyokatwa. Ni nini kinachoifunga? Ni nyama ya mfuko wenyewe. Mfuko wenye nguvu unajikaza, unakuwa mgumu kama ngumi, na mishipa inabanwa katikati ya nyama hiyo. Mfuko uliochoka unabaki laini, na damu inaendelea kutoka. Fanya hesabu mwenyewe, uone kama kuna nafasi ya kungoja.

Basi mfuko huchoka lini? Huchoka mama akikaa na uchungu muda mrefu. Huchoka ukiwa umevutwa sana na mapacha au mtoto mkubwa. Huchoka kwa mama aliyezaa mara nyingi. Na hapa ndipo penye taabu ya kwetu: akina mama wengi hawafiki kwenye meza ya upasuaji wakiwa na nguvu. Wanafika baada ya usiku mbili za uchungu kijijini, baada ya pikipiki katika matope, baada ya kungoja pesa. Mfuko umekwisha kuchoka kabla kisu hakijafika. Ongeza jeraha la kisu chenyewe, na pengine mshipa wa pembeni uliopasuka wakati wa kumtoa mtoto. Na kwa mama aliyepasuliwa zamani, kondo linaweza kuota juu ya kovu na kukataa kubanduka.

Kuna tena jambo ambalo watu hawalifikirii. Katika operesheni damu inajificha. Nusu inaingia katika chupa ya kufyonzea, nyingine inanywewa na vitambaa, nyingine inatelemka chini ya mgongo wa mama, na yote imechanganyika na maji ya uzazi. Mtu akiitazama kwa macho tu anasema, "Si nyingi." Kwa uzazi wa kawaida wataalamu wamepata njia nzuri: karatasi ya plastiki yenye alama za kipimo, inayowekwa chini ya mama. Uchunguzi ulioitwa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023 na kufanywa katika hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, ulionyesha kwamba damu ikipimwa hivyo na matibabu yote yakitolewa pamoja mara moja, hatari kubwa ya damu inapungua kwa 60 kwa mia. Lakini hiyo ilikuwa kwa wanaozaa kwa njia ya kawaida. Katika chumba cha upasuaji inabidi mtu asome chupa, apime uzito wa vitambaa na aseme hesabu kwa sauti. Mtu huyo awe amechaguliwa kabla ya kuanza, maana kazi ya wote mara nyingi inakosa mwenyewe.

Hatutaki kukutisha. Usikimbie kisu. Kupasuliwa kwa wakati kumeokoa akina mama na watoto wasiohesabika, na hospitali kuu za Kitatumba, Katwa na Beni zinajulikana na kila mtu wa huko. Lakini uijue hesabu hii: uchunguzi wa nchi 22 za Afrika, uliotangazwa mwaka 2019, ulikuta kwamba katika akina mama 1,000 waliopasuliwa wakati wa kuzaa, karibu 5 walikufa. Hiyo ni mara 50 zaidi kuliko katika nchi tajiri. Kisu ni kilekile. Damu ni ileile. Tofauti iko katika vitu vilivyo mezani, watu walio karibu na muda unaopotea.

KARATASI YA DAWA SAA NANE YA USIKU

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Unaijua desturi hii, ijapokuwa hatutaji hospitali yoyote, kwa kuwa ni ya mahali pengi katika nchi yetu. Mama yuko mezani. Mlango unafunguka, muuguzi anatoka na karatasi mkononi. "Baba, nenda farmasi ulete dawa hizi upesi." Baba anasoma karatasi ambayo haifahamu. Anahesabu pesa. Anatafuta farmasi iliyo wazi.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, mtu wa huko hatembei ovyo usiku. Mei 2021 mkoa wote uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Unamtuma baba wa watoto barabarani saa nane ya usiku, na huku nyuma mfuko wa mkewe unatoa damu kila dakika. Akirudi, kama amerudi, nusu saa imepita, pengine saa nzima. Na dawa aliyoileta, je, inafaa? Farmasi nyingine ni kibanda cha mabati chenye jua tangu asubuhi mpaka jioni, na kichupa kilikuwa juu ya rafu karibu na sabuni. Utaona hapa chini kwamba dawa ya namna hiyo inaweza kuwa maji tu.

Tunasema wazi: desturi hii ni mbaya na iachwe. Hakuna kapita mwenye akili anayemtuma mtu dukani kununua mbao baada ya mwamba kuanza kuanguka. Mbao ziko shimoni kabla watu hawajaingia. Kama hazipo, watu hawaingii. Kwa nini mke wa mchimbaji apate ulinzi mdogo kuliko mchimbaji?

Tunajua jibu la wakubwa wa hospitali, na si jibu la uongo. Wanasema: tukitoa dawa bila malipo, jamaa wengine hawalipi, mwisho kabati linabaki tupu na mama anayefuata anakosa. Ni kweli. Lakini kuna njia ya katikati, na mahali ambapo imejaribiwa watu wameizoea. Liwekwe sanduku moja lililofungwa kwa lakiri, la dawa za damu peke yake. Linafunguliwa damu ikizidi, bila kuuliza pesa. Asubuhi jamaa wanaitwa, bei inaandikwa, sanduku linajazwa tena siku hiyohiyo. Deni la sanduku moja si kitu kikubwa kwa hospitali. Chama cha kusaidiana kwa matibabu au kampuni inaweza kulidhamini. Wala tusisahau aibu nyingine ya kwetu, ya kumzuia mama hospitalini na mtoto wake mpaka deni lilipwe. Mume anayeogopa hilo anachelewa kumleta mkewe, na kuchelewa huko ndiko kunakochosha mfuko. Mambo haya yanashikana.

Ukidhani tunakuza jambo, fahamu kwamba kwa hesabu za Umoja wa Mataifa akina mama karibu 19,000 wa Kongo walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi katika mwaka 2023 peke yake. Damu ndiyo muuaji wa kwanza wa akina mama duniani.

NDANI YA SANDUKU KUNA NINI?

Si kazi yako kuchagua dawa, wala hatukufundishi kuwa daktari. Lakini mtu anayejua majina anaweza kuuliza, na anayeuliza hapuuzwi kwa urahisi.

Ya kwanza ni oksitosini. Ni sindano. Mwili wa mama wenyewe unatengeneza kitu hichohicho, na hutoka zaidi mtoto akinyonya. Ndiyo sababu wakunga wanataka mtoto awekwe kwenye ziwa mapema. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa zawadi ya Nobel. Kazi yake ni kukaza mfuko. Kila mama apewe mara mtoto anapotoka, hata kama damu bado si nyingi, na aliyepasuliwa vilevile.

Ya pili ni ergometrini. Nayo inakaza, tena kwa nguvu, lakini mama mwenye shinikizo la damu asipewe, maana inalipandisha. Kwa hiyo shinikizo lipimwe na kuandikwa kabla, si kukumbukwa baadaye.

Ya tatu ni misoprostoli, vidonge ambavyo huwekwa chini ya ulimi. Havihitaji baridi, lakini vinaharibika kwa unyevu. Visitolewe katika karatasi yake mpaka saa ya kuvitumia. Mama anaweza kutetemeka na kupata homa baada ya kuvimeza. Usishtuke ukadhani ni malaria imeanza.

Kuna na ndugu mpya wa oksitosini, anaitwa kabetosini, wa namna isiyoogopa joto. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018, wenye akina mama karibu 30,000 wa nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, ilizuia damu sawa na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Inakaa katika joto la digri 30 bila taabu. Hii ni ya kuzuia tu, si ya kutibu damu iliyokwisha kuanza. Kwa mahali penye joto na umeme wa kubahatisha tunaona ni dawa ya kutafutwa, bei yake ikiwa ya haki.

Ya mwisho inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Haikazi mfuko. Inalinda damu iliyoganda isiyeyuke tena, kama mtu anayelinda kizibo kisitoke katika bomba. Waliivumbua Wajapani wawili, mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bibi Utako alitaka ijaribiwe kwa akina mama wanaotoka damu, lakini kwa miaka mingi madaktari wa uzazi hawakumsikiliza. Mwishowe ikajaribiwa kwa akina mama 20,000 wa nchi 21, wakiwamo wa Tanzania, Kenya na Uganda. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Bibi huyo alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Matokeo yalisema nini? Katika akina mama waliopewa sindano ya gramu 1 kabla ya masaa 3 kupita tangu mtoto azaliwe, vifo vya damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Waliopewa baada ya masaa 3 hawakupata faida. Tena hesabu za baadaye zilionyesha kwamba kila robo saa inayopotea inakula sehemu ya kumi ya faida hiyo. Rudi sasa kwa yule baba mwenye karatasi barabarani. Dawa haikai mezani kwa ajili ya mapambo.

FRIGO

Oksitosini inataka baridi ya digri 2 mpaka 8, kama chanjo. Ikikaa katika joto inapungua nguvu polepole, na ubaya wake ni kwamba haionyeshi. Rangi ni ileile, kichupa ni kilekile, karatasi yake inasema mwaka haujaisha. Muuguzi anapiga sindano moja, mfuko haukazi. Anapiga ya pili, haukazi. Anadhani mama ana ugonjwa mgumu, kumbe dawa ilikufa ndani ya kamioni.

Fikiri juu ya njia yake. Bidhaa nyingi za Butembo na Beni hupitia Kasindi, mpaka wa Uganda, na tangu Goma ilipochukuliwa na M23 Januari 2025, njia ya upande wa kusini imekuwa ngumu zaidi. Lori linangoja mpakani juani. Kisha dawa inafika Butembo, mji wa vilima na baridi, na watu wanasema, "Hapa hakuna joto, haina haja ya frigo." Ni kosa, maana baridi ya Butembo si ya digri 8. Nayo ikitelemshwa Beni, karibu kilomita 54, joto linaongezeka. Viwanda vingine vimeandika juu ya sanduku kwamba dawa ikae chini ya digri 25, na watu wanachanganyikiwa. Mwaka 2019 OMS, UNICEF na UNFPA walitoa neno moja: oksitosini zote zikae katika digri 2 mpaka 8, na zinaweza kusafiri na kukaa pamoja na chanjo.

Kuna watakaosema hayo ni ya Ulaya, huku kwetu umeme hakuna. Hapo tutawakumbusha jambo moja. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola ilipiga Mangina, Beni, Butembo na Katwa, na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Chanjo ile ilitaka baridi ya digri 60 chini ya sifuri, hata 80. Ililetwa, ikatunzwa, ikachukuliwa katika masanduku mpaka vijijini, katika vita, katika mvua, kwa barabara zilezile. Nchi iliyoweza hayo haiwezi kusema imeshindwa na frigo ndogo ya digri 4. Ilionekana ni haraka kwa sababu dunia nzima ilikuwa inaogopa. Damu ya mama haiogopeshi mtu wa mbali.

(Katika miaka ile kutoka damu kulikuwa pia dalili ya kushukiwa Ebola. Mama aliyetoka damu baada ya kuzaa aliweza kutengwa na kungojea majibu ya maabara. Wazee wa huko wanakumbuka, na woga wa hospitali haujaisha wote.)

VICHUPA VINAVYOFANANA

Ndugu wa baruti, hapa ni kwako hasa. Unajua kwa nini fataki haziwekwi sanduku moja na baruti. Basi katika chumba cha upasuaji kuna hatari ya namna hiyo. Mama anayepasuliwa mara nyingi hupigwa sindano ya ganzi mgongoni, na dawa hiyo iko katika kichupa kidogo cha kioo. Traneksamiki nayo iko katika kichupa kidogo cha kioo. Viwanda vingine vimevifananisha. Imetokea katika nchi mbalimbali kwamba mkono wa haraka ulichukua traneksamiki na kuipiga mgongoni. Ikiingia huko mama anapata degedege kali, na wengi waliopatwa na jambo hilo wamekufa. Mwaka 2022 OMS ilitoa onyo kwa ulimwengu wote juu ya kosa hili.

Dawa haina hatia. Inayookoa katika mshipa inaua mgongoni. Ulinzi wake ni rahisi na hauna gharama: traneksamiki isikae katika meza ya mtu wa ganzi, ikae katika lile sanduku lililofungwa, upande mwingine wa chumba; na anayevuta dawa katika sindano asome jina kwa sauti, mwenzake asikie na kuitikia. Kama vile mnavyoitikiana kabla ya kulipua.

DAWA ILEILE KABLA YA KUZAA

Hapa tunasema na mama mwenyewe, na mama mkwe, na jirani mwenye huruma. Oksitosini na misoprostoli zinazookoa baada ya mtoto kutoka zinaweza kuua kabla hajatoka. Kuna watu wanaozinunua kwa siri ili kuharakisha uchungu nyumbani au katika vituo vidogo visivyo na daktari. Mfuko unakazwa kwa nguvu, mtoto hana njia, mwishowe mfuko unapasuka. Kwa mama aliyepasuliwa mara moja ni hatari zaidi, kwa kuwa kovu ni kama mshono wa gunia, linaachia pale. Dawa za miti za kuharakisha uchungu nazo, nyingine zinakaza vilevile, tena bila kipimo. Mwenye kovu asingoje uchungu kijijini. Mimba ikikaribia mwisho, ahamie karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Na katika miezi ya mimba, vidonge vya kuongeza damu vimezwe vyote, na dawa ya malaria ya kliniki isikataliwe. Mama aliyeingia na damu kidogo hana akiba ya kupoteza.

UKIKAA KARIBU NA KITANDA

Operesheni ikiisha, watu wanashangilia mtoto na kusahau mama. Masaa 24 ya kwanza bado ni ya hatari. Tena mwenye ganzi ya mgongoni hasikii vizuri tumbo lake. Wewe uliyeketi karibu, shangazi au dada, angalia nguo iliyo chini yake. Ikilowa upesi, ita. Mama akitokwa na jasho la baridi, akipiga miayo, akiona kiu kubwa, akihangaika au kusema maneno yasiyofuatana, ita. Ulimi ukiwa mweupe, tumbo likivimba, mkojo katika mfuko wake ukiwa haba, ita. Pengine hakuna damu unayoiona, maana inabaki ndani. Usikubali jibu la "amechoka, amelala tu" mpaka mtu ameshika mapigo ya moyo na kupima shinikizo. Omba kwa heshima, lakini usiondoke. Wauguzi ni wachache na usiku ni mrefu. Jicho lako ni msaada kwao.

Wala usidhani dawa inachukua nafasi ya damu. Damu ikishapotea nyingi, ni damu tu inayoirudisha. Kabla ya siku ya kuzaa jamaa wawili au watatu wajue kundi la damu yao na wawe tayari kuja. Wanaume wengine wanaogopa kutoa damu wakidhani watapoteza nguvu za kazi. Mtu mzima mwenye afya anarudisha maji ya damu hiyo kwa siku chache na chembe zake kwa majuma machache. Atakula vizuri na kurudi kazini.

TUNACHOOMBA

Kila baba ambaye mkewe ana mimba aende hospitali mapema, mchana, bila haraka, na kuuliza mambo matatu: je, sanduku la dawa za damu lipo? Oksitosini inakaa wapi? Damu inapatikana usiku? Akijibiwa vizuri, ashukuru. Akijibiwa kwa mabega, apeleke swali hilo kwa mjumbe wake.

Na wajumbe wa wafanyakazi wakikaa na wakubwa wa kampuni mwaka huu, pamoja na neno la posho na viatu, waweke mezani na hili. Kampuni inalipa fundi wa kutazama pampu ya maji shimoni usiku na mchana, hata siku kuu, kwa kuwa ikisimama mgodi unazama. Frigo ya materinite ina kipimo cha joto ndani yake? Kuna daftari ambamo joto linaandikwa asubuhi na jioni? Umeme ukikatika Jumamosi jioni, nani ana ufunguo wa jenereta, na nani anaandika joto siku ya Jumapili?